Punje Iliyojificha

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta na wakulima wa zabibu, Dodoma

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, na nyinyi wazee wangu kutoka Hombolo na Makutupora mlioacha mashamba asubuhi hii mkaja kukaa nasi: mbukwenyi! Wazee, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa mambo matatu ambayo vyuoni hufundishwa kila moja kwenye chumba chake: utengenezaji wa programu za mfano, yaani prototaipu, ubainishi rasmi wa programu, na utambuzi wa kingo katika picha. Nitayasema kwa pamoja, kwa sababu mimi yalinijia pamoja, siku moja, saa saba mchana, katikati ya mistari ya mizabibu.

Tulikuwa watatu. Tulikuwa tumetengeneza programu ya simu ambayo mkulima angepiga picha ya kichala cha zabibu, simu ikamhesabia punje, naye akakadiria mavuno kabla mnunuzi hajafika na bei yake mfukoni. Ofisini, kichala kikiwa juu ya karatasi nyeupe, ilihesabu vizuri hadi tukapeana mikono. Shambani jua lilikuwa utosini, na simu ikatoa idadi karibu mara mbili ya punje zilizokuwepo. Ilikuwa inahesabu vivuli vya majani.

Mama mwenye shamba aliinama akatazama kioo cha simu, akatuuliza kwa upole: "Wanangu, hii iliyojificha nyuma ya mwenzake, nayo mnaihesabu?"

Mwenzangu mmoja alijibu ndiyo. Mwingine, papo hapo, alijibu hapana. Tukatazamana. Tulikuwa tumeandika msimbo kwa miezi mitatu, na hatukuwa tumekubaliana punje ni nini.

Nimekuwa nikilifikiria swali lile tangu siku hiyo, na nililokuja kusema leo limetoka ndani yake: ukingo hutamkwa kwanza, kisha hutafutwa. Na prototaipu ndiyo inayokufunulia ni ukingo gani hujautamka.

Nianze na picha, maana ndiko kwenye utamu.

Kwenye njia ya kwenda Babati, juu ya Kondoa, kuna michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951. Mtakaopata nafasi nendeni mkaione. Mchoraji alikuwa na rangi nyekundu na uso wa jiwe, basi. Twiga kwake ni mstari wa shingo na mstari wa mgongo. Mistari michache hiyo, na wewe leo ukisimama pale hujiulizi hata mara moja kama ni twiga. Macho yetu yanaridhika na kingo.

Kwa nini yanaridhika, walianza kutuonyesha wanasayansi wa ubongo, David Hubel na Torsten Wiesel. Walikuwa wakichunguza seli za ubongo wa paka, wakimwonyesha madoa ya mwanga, na seli hazikujali. Kisha seli moja ikaanza kutoa ishara kwa kasi, na walipotafuta sababu waligundua haikuwa doa. Ilikuwa kivuli cha ukingo wa kioo chenyewe cha slaidi walipokuwa wakikisukuma kwenye projekta. Seli ile ilikuwa inangoja mstari, tena mstari wenye mwelekeo wake maalumu. Walichapisha matokeo ya mwanzo mwaka 1959, na mwaka 1981 wakapata Tuzo ya Nobel.

Kompyuta haina seli hiyo. Ukiipa picha isiyo na rangi, inachokipokea ni meza kubwa ya namba kutoka 0, ambayo ni weusi, hadi 255, ambayo ni weupe. Tuchukue mstari mmoja wa namba hizo: 40, 41, 40, 42, 180, 181, 179. Hata mtoto wa darasa la tatu ataweka kidole kati ya 42 na 180. Pale namba zinaporuka, pana ukingo. Kwa hiyo kutafuta kingo ni kutafuta mteremko: kuuliza kila pikseli, yaani kila nukta ya picha yenye namba yake: jirani yako wa kulia na wa kushoto wanatofautiana kiasi gani?

Mwaka 1963 Lawrence Roberts, katika tasnifu yake pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, alifanya hivyo kwa kutoa pikseli kimshazari. Mwaka 1968, chuo kikuu cha Stanford, vijana wawili, Irwin Sobel na Gary Feldman, wakaja na kitu kizuri zaidi. Walichukua dirisha la pikseli 3 kwa 3. Safu ya kulia unaizidisha kwa 1, 2, 1. Safu ya kushoto kwa -1, -2, -1. Safu ya kati unaiacha. Unajumlisha. Ikiwa kushoto kote ni 40 na kulia kote ni 180, tofauti ni 140, na kwa kuwa uzito wa safu ni 4 kwa jumla, unapata 560: ukingo mkali wa wima. Ukilizungusha dirisha unapata kingo za mlalo. Ile 2 ya katikati inampa jirani wa karibu sauti kubwa kuliko wa pembeni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulipenda sana katika historia hii. Sobel na Feldman hawakuandika makala ya kulitangaza dirisha lao. Walilieleza katika mazungumzo ya maabara, watu wakalichukua, wakalitumia, na lilienea kupitia vitabu vya watu wengine. Lilikuwa prototaipu kwa maana kamili: jaribio lililofanya kazi, lililoaminiwa kwa sababu lilifanya kazi. Hakuna aliyesema kwanza ukingo mzuri ni upi.

Aliyesema ni John Canny, kijana kutoka Australia, aliyeianza kazi hiyo katika tasnifu ya uzamili MIT mwaka 1983 na kuichapisha mwaka 1986. Canny hakuanza na dirisha. Alianza kwa kuandika masharti. La kwanza: usiache ukingo uliopo, wala usizushe usiokuwepo. La pili: ukiutaja, uutaje pale pale ulipo. La tatu: ukingo mmoja ujibiwe mara moja, si mara mbili tatu. Kila sharti akaligeuza kuwa hisabati, kisha akauliza: je, ni kichujio gani, yaani dirisha la namba gani, kinachoyatimiza yote kwa kadiri kubwa kabisa iwezekanavyo?

Hapo ndipo hisabati ilipomjibu jambo ambalo majaribio yasingemwambia waziwazi. Sharti la kwanza na la pili yanavutana. Picha yoyote ina chenga, kama televisheni ya zamani antena ikiyumba. Ukiilainisha sana picha ili uondoe chenga, ukingo wenyewe unatawanyika, hujui tena uko wapi hasa. Ukiulinda usitawanyike, chenga zinarudi. Huwezi kupata vyote kwa ukamilifu. Lazima uamue utapoteza kiasi gani cha kipi, na uamuzi huo ni wa mtu. Mashine haiwezi kukuamulia.

Njia yake, wengi wenu mmeitumia kwa amri moja tu bila kuifungua. Kwanza unalainisha picha. Pili unapima mteremko. Tatu, kila mahali penye ukingo mnene, unabakiza pikseli iliyo kileleni na kufuta zilizoizunguka, ili mstari uwe mwembamba. Nne, unaweka vizingiti viwili, yaani viwango viwili vya ukali wa mteremko. Pikseli iliyopita kizingiti cha juu inakubaliwa. Iliyo chini ya kile cha chini inakataliwa. Iliyo katikati inakubaliwa ikiwa imeungana na yenye nguvu. Wazee wa vikundi vya kuweka na kukopa wataelewa haraka kuliko wanafunzi: ni mkopaji mnyonge anayepita kwa sababu ana mdhamini.

Na mteremko wa hatua ya pili unapimwa kwa nini? Katika programu nyingi tunazotumia leo, unapimwa kwa dirisha lile lile la Sobel. Kijana wa 1986 aliyeandika masharti amempangisha chumba kijana wa 1968 aliyejaribu tu. Nikisikia walimu wakibishana kama programu ianze na prototaipu au na ubainishi rasmi, huwa naikumbuka nyumba hiyo.

Sasa huo ubainishi rasmi ni nini? Ni kuandika, kwa lugha ya hisabati isiyo na maana mbili, kazi ambayo programu itafanya, bila kusema itaifanyaje. Mwaka 1969 Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta, alituwekea umbo ambalo bado tunalitegemea: sharti la kuanzia, kazi, sharti la kumalizia. Ukinipa kilichotimiza la kwanza, nitakurudishia kinachotimiza la pili. Toka hapo zikaja lugha kamili za ubainishi: VDM kutoka maabara ya IBM mjini Vienna, Z iliyoanzishwa na Jean-Raymond Abrial na kukuzwa Oxford, na baadaye B, ya Abrial huyo huyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu nazo ni hivyo hivyo.

Tuliporudi kutoka shambani tulikaa mezani, tukazima kompyuta, tukajaribu kuandika. Sharti la kuanzia: picha iwe na kichala. Tulipoliandika tu, tukagundua programu yetu haijawahi kuulizwa hilo. Tukaipa picha ya udongo mtupu, ikatuambia kuna punje. Sharti la kumalizia: kwa kila punje iliyohesabiwa, angalau nusu ya mzunguko wake iwe na ukingo unaoonekana. Na lingine: kila pikseli iwe ndani ya punje moja tu au isiwe ndani ya punje yoyote. Yanaonekana maneno ya kawaida. Lakini punje mbili zinapobebana, ule ukingo wa kati ni wa nani? Tukimpa wa mbele, wa nyuma anabaki na chini ya nusu, anafutwa. Swali la mama lilikuwa limekaa pale, ndani ya "angalau nusu".

Naomba mlishike hili, wanafunzi. Sentensi mbili za Kiswahili zilizoandikwa kwa uangalifu zilitufunulia zaidi ya miezi mitatu ya msimbo. Na nasema Kiswahili kwa makusudi. Alama za hisabati zinasomeka kwa lugha yoyote: "kwa kila", "kuna angalau", "ikiwa, basi". Ubainishi ulioandikwa Kiswahili nausomea mbele ya mkulima, na mkulima ananisahihisha. Ulioandikwa kwa lugha asiyoijua hana nafasi ya kunisahihisha, na yeye ndiye ajuaye zabibu.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani kalamu inatosha. Wazee wangu wa mkoa huu mnaijua Kongwa. Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha pale mradi wa karanga. Mpango ulikuwa umeandikwa kwa namba safi kabisa: zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Wataalamu waliokuja kukagua mwaka 1946 walizunguka kwa wiki chache tu. Hakukuwa na shamba la majaribio. Ekari chache, msimu mmoja au miwili, zingewaambia kile ambacho kila Mgogo alikijua: mvua za huku si za kuahidi, na udongo ule wa mfinyanzi kiangazi unakauka ukawa kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Zilipofika wakati wa kung'olewa, ardhi ilikuwa imezifungia. Mashine zilivunjika kwenye mizizi ya mibuyu na vichaka. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya ng'ombe.

Huo ndio ubainishi usio na prototaipu. Kila namba ilikuwepo kwenye karatasi, isipokuwa ile ambayo udongo ungewapa.

Upande wa pili upo pia. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza, na haikufika hata dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri safari nyingi. Ndani yake kulikuwa na namba ya mwendo wa mlalo iliyokuwa ikihamishwa kutoka nafasi ya biti 64, yaani tarakimu 64 za 0 na 1, kwenda nafasi ya biti 16, na nafasi hiyo haiwezi kubeba zaidi ya 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi mwanzoni, ikavuka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu ile haikuhitajika tena baada ya roketi kuondoka ardhini. Programu ilikuwa na ukingo wake, ila katika ubainishi wa kile kifaa hakukuwa na mstari uliosema: mwendo usizidi kiasi hiki.

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alituonya mapema kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa hitilafu ipo, lakini hayawezi kuonyesha kuwa haipo. Ndiyo maana walipojenga njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998 na treni zake hazina dereva, programu ya usalama iliandikwa kwa mbinu ya B na kuthibitishwa kwa hisabati. Hapo mtu hawezi kusema tutajaribu tuone.

Kuna mjadala mmoja ambao nautaja kwa ufupi kwa sababu naona wanafunzi wa shahada ya pili wanaandika maelezo. Mwaka 1989 Ian Hayes na Cliff Jones walisema ubainishi hauhitaji kuwa kitu kinachoendeshwa na kompyuta, kwamba ukiulazimisha uendeshwe unaupunguzia uwezo wa kusema. Mwaka 1992 Norbert Fuchs akawajibu kwamba inafaa uendeshwe, ili ubainishi wenyewe uwe prototaipu mteja aione. Kwenye kazi za picha mimi niko na Hayes na Jones. "Usizushe ukingo usiokuwepo" ni sharti ambalo hakuna mashine itakayoliendesha, kwa sababu mashine haijui kipi kipo. Lakini bila kuliandika, Canny asingepata alichokipata.

Kuhusu kutupa prototaipu: Winston Royce mwaka 1970, ambaye wengi humlaumu kwa mtindo wa hatua kwa hatua kama maporomoko ya maji, katika makala ile ile alishauri kazi mpya ifanywe mara mbili, ya kwanza ikiwa ya kujifunzia. Fred Brooks mwaka 1975 alisema panga kuitupa ya kwanza, na miaka 20 baadaye akajisahihisha, akasema ni afadhali kukuza kidogo kidogo. Sisi tuliitupa. Na nitawaeleza kwa nini.

Tulirudi Hombolo na karatasi yetu. Masharti manne, kwa Kiswahili. Tulikaa chini ya mwembe tukayasoma moja moja. La kwanza, la picha kuwa na kichala, wazee walilikubali. La pili, la mwanga, walituongezea: picha ipigwe kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, na mtu asimame apige kivuli chake juu ya kichala kizima, ili vivuli vidogo vya majani vimezwe na kimoja kikubwa. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, na lilitupunguzia kingo za uongo kuliko vizingiti vyote tulivyokuwa tumevirekebisha. La tatu, la pikseli moja punje moja, walicheka, wakasema hayo ni yenu.

Tukafika la nne, la punje iliyojificha. Tulikuwa tumejiandaa. Tulisema: programu itahesabu zinazoonekana, na itatamka wazi kwamba ni zinazoonekana tu. Tuliona tumelimaliza swali la mama kwa uaminifu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mmefanya vizuri wanangu. Lakini mnunuzi hanunui zinazoonekana. Ananunua kilo."

Hakuna aliyewahi kutuambia hivyo, na hatukuwahi kuuliza. Tangu mwanzo tulikuwa tumeuchora ukingo wa tatizo lenyewe mahali pasipo pake. Yeye hakuhitaji idadi ya punje. Alihitaji uzito, akiwa na sababu ya kutosha ya kusema hapana mbele ya mnunuzi. Kichala chenye punje chache zilizojaa kinaweza kushinda chenye nyingi zilizosinyaa, na hesabu yetu, hata ingekuwa sahihi kabisa, ingemdanganya. Jioni ile tuliufunga msimbo wa kwanza. Dirisha la Sobel tumelibakiza, hatua nne za Canny tumezibakiza, lakini sasa zinatafuta ukingo mmoja tu, ule wa kichala kizima dhidi ya kinachokizunguka, ili tupate eneo lake, na kutoka eneo tukadirie kilo.

Sharti jipya la kumalizia linasema: tofauti kati ya kilo zilizokadiriwa na kilo za mizani isizidi kiasi fulani. Nafasi ya kiasi hicho tumeiacha wazi kwenye karatasi. Hatuwezi kuijaza sisi, kwa sababu ni swali la hasara gani mkulima anaweza kuibeba, na hatuwezi kuijaza kwa kukisia, kwa sababu hatujui eneo la kichala na uzito wake vinafuatana kwa ukaribu gani katika zabibu za huku.

Kwenye meza ile ya nyuma kuna makasha ya zabibu zilizochumwa alfajiri, mizani miwili, na karatasi zenye safu tatu. Nawaomba wanafunzi, tukimaliza maswali, kila mmoja achukue kichala, akipige picha akiwa amekikinga kwa kivuli chake, akipime, aandike. Mama yuko hapa, safu ya mbele, mwenye kanga ya bluu. Amekubali kukaa nasi hadi jioni kutuambia ni vichala vipi angevikataa.